Begi Alilonipa Mwenye Lori

Kifungio kililia "tap", kama mtu amevunja kijiti cha kuni, na uzito wote ukahamia bega moja. Nilikuwa nateremka ile njia ya mkato inayopita juu ya matuta ya kabichi. Manyunyu yalikuwa yameanza, udongo umelainika, unateleza. Mjukuu wangu alikuwa mgongoni, ndani ya lile begi la fremu. Begi likalala upande. Nikageuza shingo nikaona kichwa chake kimetoka nje ya njia, kinaning'inia, na chini yake hakuna kitu, ni hewa tupu mpaka shambani kwa watu. Nikapeleka mkono nyuma kama kipofu, nikakamata nilichokipata. Nilichokipata ni mguu wake wa kushoto. Ule mbovu.

Hakulia. Mpaka leo hicho ndicho kinachoniamsha. Mtoto ana miaka miwili na kitu, kichwa chini miguu juu, na hakulia. Nilikuwa nasikia pumzi zake tu.

Nikakaa chini kwa matako, nikachimbia visigino kwenye udongo, mguu wake mkononi mwangu. Chini kule kulikuwa na mwanamke analima. Akaona.

"Mama wee! Usimwachie! Nakuja!"

"Namwachiaje? We njoo!"

Akapanda tuta kwa tuta, jembe bado mkononi, sijui kwa nini hakulitupa. Akamshika mtoto makwapani, akamwinua, ndipo akalia. Kelele zile nadhani walizisikia ng'ambo ya bonde.

"Huyu mzima," yule mwanamke akasema. "Angekuwa amevunjika asingepata nguvu ya kunitukana hivi."

Tulicheka. Mtu ukishatoka pale pa kufa unacheka chochote. Kisha akaokota kile kifungio, vipande viwili, akakigeuzageuza.

"Mama, mbona hiki kina gundi?"

Kilikuwa na gundi. Imekauka, rangi ya njano kama usaha. Kilishavunjika zamani, mtu akakigundisha, akakipangusa, akanipa nimbebee mtoto. Aliyenipa namjua. Na aliyepokea kwa niaba yangu namjua pia, nimemzaa mimi.

Mimi ni mkulima wa huku juu Mgeta. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie maneno mazuri. Tunalima karoti, njegere, kabichi, viazi. Mboga zetu zinaliwa Dar, sisi tunabaki na milima. Mzigo unashuka kwa lori, na mwenye shida ya kwenda mjini anapanda juu ya mzigo, anakaa kwenye magunia, anashika kamba. Ndivyo tulivyozoea wote, na anayekwambia hajawahi kupanda hivyo anakudanganya.

Siku ya ajali nilikuwa na binti yangu na mtoto wake, huyu mjukuu, akiwa bado mchanga. Tulikuwa tunasubiri vijana wamalize kupakia, tumesimama kivulini, upande wa dereva. Mwenye lori alikuja kuangalia mzigo wake. Dereva akamfuata. Nilikuwa karibu nao kama ninavyokaribiana na mtu tunayekoka naye moto.

"Bosi, breki leo si nzuri. Nakanyaga, inashuka mpaka chini."

"Miaka yote unakanyaga, leo ndiyo umeona? Karoti zinaoza hizo. Shuka nayo kwa gia."

Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu haya. Nikajua lori si zima, lakini nani angenisikiliza? Dereva alipanda akashika usukani, nasi tukapanda. Tulipoanza kuteremka kona za chini, binti yangu akaniambia, "Mama, mshike kidogo nifunge kanga vizuri." Nikampokea mtoto. Lori likaanza kukimbia, dereva anapiga honi mfululizo na mbele hakuna gari wala mtu. Ndipo likaacha njia.

Dereva alikufa. Binti yangu alikufa. Mimi waliniokota chini ya magunia, nyonga imevunjika, na mtoto nimemkumbatia hivyo hivyo. Mtoto nyonga yake ya kushoto ilikuwa imetoka. Hospitali walihangaika kwanza na yangu, ya kwake wakaja kuigundua baadaye, maana mtoto mchanga hasemi. Siwalaumu wale wauguzi, watu walikuwa wamejaa mpaka sakafuni. Ikaandikwa kwamba kosa ni la dereva. Maiti hakati rufaa.

Sasa mtu wa mbali ataniuliza, mtoto baba yake yuko wapi? Yupo, na ni mtu mwema, ana mke mwingine. Ila kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mama akifa, mtoto anabaki kwetu, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mjomba akisema ndiyo, ukoo umesema ndiyo. Mwenye lori si mtu wa huku, lakini amekaa huku kiasi cha kujua mlango wa kuingilia. Alinipita mimi nikiwa kitandani, akaenda kwa mwanangu wa kiume. Na mwanangu wa kiume ni dalali wa mboga. Mboga anazonunua anazipakia lori la nani? La huyo huyo.

Wakaitisha kikao uwanjani kwa mwenyekiti. Mimi nililetwa na magongo yangu, nikawekewa kiti pembeni. Mwenye lori akasimama, akasema mengi kuhusu mipango ya Mungu. Kisha akatoa boksi kubwa limefungwa karatasi ya kumeta, akamkabidhi mjomba mtu, watu wakapiga makofi, simu zikapiga picha. Ndani kulikuwa na begi la kubebea mtoto, lile la fremu ya chuma chepesi, lina kipaa chake cha kuzuia jua.

"Bibi sasa hatateseka na mtoto," mwenye lori akasema. "Hili wanabebea Wazungu milimani."

Mwanangu akashukuru, akasema suala la ajali limekwisha, ukoo umepokea.

"Ukoo upi?" nikamuuliza kwa sauti ya chini, amekuja kuniinua kwenye kiti. "Ukoo unabeba mtoto? Nabeba mimi."

"Mama, usinitie aibu mbele ya watu."

Aibu yake aliijali kuliko mgongo wangu. Nayaandika haya akijua kwamba nayaandika.

Nilipopona kiasi cha kutembea, nilianza kusema sokoni nilichokisikia siku ile. Nilisema bila kupaza sauti, lakini nilimwambia kila aliyeniuliza. Mwenye lori akapata habari. Akawaambia watu kwamba niligongwa kichwa, nachanganya mambo. Akawaambia na madereva wake, na wa rafiki zake, kwamba yule mama asipande, ana mkosi. Nikawa nasimama barabarani, lori linapita, utingo anaangalia pembeni. Bodaboda siwezi, nyonga haikubali kukaa nimepanua miguu. Kwa hiyo nikawa nakwenda kwa miguu, nashuka bonde, napanda mgongo wa pili wa mlima, kule kuna gari la abiria ambalo mwenyewe hamwogopi mtu.

Na kwenda ilikuwa lazima. Mtoto alikuwa hatembei. Wenzake waliozaliwa naye walishaanza kufukuza kuku, yeye anajiburuza kwa makalio. Hospitali mjini kuna dada wa mazoezi ya viungo, na alishanieleza wazi: mguu huu utatembea kama mazoezi hayakatiki. Yakikatika, utakauka ulivyo. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo kichwani. Nimfikishe.

Kanga ilinishinda. Nimebeba watoto wangu wote kwa mbeleko, na kuni juu, lakini sasa mtoto ni mzito, na mbeleko inakaa palepale nyonga ilipoungwa. Nikifika nusu ya kilima naona nyota mchana. Ndiyo maana nikalitumia begi la mwenye lori, pamoja na hasira zangu zote.

Lilikuwa la ajabu. Mtoto anakaa juu, kichwa chake kinapita changu, kama mfalme. Na mimi nina kichwa, nabebea mzigo. Nikiweka tenga la njegere kichwani linamgonga mtoto usoni. Aliyelitengeneza hana habari kwamba mwanamke ana kichwa. Mkanda wa kiunoni ulitengenezewa mtu mrefu, kwangu ulishuka mpaka kwenye matako, uzito wote ukabaki mabegani. Na miguu ya mtoto ilikuwa inaning'inia huku na huku. Nililalamika kwa mwanangu, akasema, "Mama, wewe huridhiki." Nikaendelea kulibeba, mpaka siku ile kwenye matuta ya kabichi.

Baada ya kuanguka sikurudi nyumbani. Yule mwanamke wa shamba alimfunga mtoto mgongoni mwake kwa kanga yake, akaacha kulima, akanisindikiza mpaka kwenye gari. Lile begi tuliliacha palepale njiani. Nilimwambia akirudi achukue fremu asimamishie maharage.

Dada wa mazoezi alipotuona na tope lile, hakuuliza foleni.

"Shikamoo bibi. Mmeanguka?"

"Marahaba. Tumeangushwa."

Akamlaza mtoto, akamkagua nyonga taratibu, akauzungusha ule mguu, anamwimbia. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga. Alichukua muda. Kisha akasema, "Ipo mahali pake." Nililia pale kama mtoto, naye akaniacha nilie, hakuniambia nyamaza bibi.

Nilipomaliza akanieleza. Akamweka mtoto kifuani mwake, akamkunja magoti. "Unaona? Akae kama chura. Goti liwe juu kidogo ya makalio, kitambaa kimshike kutoka goti hili mpaka goti hili. Akining'inia kama kuku anayepelekwa sokoni, ile nyonga inavutwa."

"Lile begi lilikuwa linamning'iniza."

"Basi hata lisingevunjika lilikuwa halimfai. Mbeleko yako ya zamani ilikuwa inamkalisha vizuri zaidi. Ila wewe nyonga yako mbeleko hapana." Akanishika kiunoni kwa mikono miwili, pale kwenye mifupa. "Uzito ukae hapa. Mkanda uwe mpana, mgumu, wenye sponji, ukae juu ya mfupa bila kukata. Tafuta cha kitambaa, si cha chuma. Na bibi, usinunue bila kumpakia mtoto. Tembea naye, inama, kaa, simama. Viatu unajaribu, hiki unaacha?"

Nilijilaumu kidogo? Hapana. Mtu akipewa zawadi kikaoni atajaribu lini?

Nikauza beberu mmoja, na safari iliyofuata, mtoto kwenye mbeleko na maumivu yangu, nikapitia soko la mitumba kabla ya kurudi. Kijana wa mabegi alikuwa na rundo lake chini, na mengine yametundikwa kwenye nondo.

"Shikamoo mama mkubwa. Karibu. Begi la shule?"

"La kubebea huyu."

"Yapo! Hili limetoka Ulaya, mama. Limebeba Wazungu watupu."

"Huyo Mzungu alikuwa amebeba na kabichi kichwani?"

Akacheka mpaka akakaa. Lakini lile la kwanza lilikuwa na kikalio chembamba kama ulimi, miguu ikaning'inia. Nikalirudisha. La pili lilikuwa zuri, laini, ila kifungio chake kinafungwa mgongoni, katikati ya mabega.

"Huku anakufunga nani?" nikamuuliza.

"Si baba watoto, mama."

"Baba watoto yuko kaburini. Nimtoe?"

"Samahani mama. Hilo tuliweke pembeni."

La tatu alilichomoa chini kabisa ya rundo. La bluu iliyopauka, lina doa la maziwa kifuani, mtoto wa mtu alilitumia sana. Nikalipenda kwa hilo doa. Mkanda wa kiunoni mpana kama kiganja na zaidi. Kikalio kipana. Vifungio vyote mbele, mkono unavifikia. Nikavinusa kimoja kimoja.

"Mama, unanusa nini?"

"Gundi."

Hakuelewa, nikamweleza. Kijana akabadilika uso. Akaacha maneno ya biashara, akalifunga lile begi kwenye nondo ya kibanda, akaingiza mguu wake mmoja kwenye kikalio, akaning'inia nalo na uzito wake wote, anabembea, watu wanatazama. Vifungio havikusema kitu. Ila mshono wa bega moja ulianza kuachia. Akauona kabla yangu. Akalipeleka kwa fundi cherehani kibanda cha pili, likashonwa kwa uzi wa viatu, kwa kurudiarudia palepale.

Tukampakia mtoto. Magoti juu, kama chura. Nikafunga mkanda juu ya mifupa, nikakaza, nikasubiri maumivu. Yalikuja, lakini yalikuja kama mgeni anayebisha hodi, siyo kama mwizi. Nikainama. Nikakaa kwenye kigoda, nikasimama. Kisha nikamgeukia mama wa nyanya.

"Ndugu yangu, niazime hilo beseni."

"Beseni na nyanya zake?"

"Na nyanya zake. Tupu litanisaidia nini?"

"Akizimwaga nani analipa?" akaliuliza soko zima.

"Muuza mabegi!" wakajibu.

"Mie tena?" kijana akasema.

Nikajitwisha. Nikatembea kutoka kwenye mabegi mpaka kwenye viatu, nikapanda zile ngazi za mtaroni, nikashuka, nikarudi. Kichwa cha mtoto kilikaa chini ya ukingo wa beseni, hakuna kilichomgusa. Niliporudi mama wa nyanya akaja kumchungulia.

"Mwenyewe kalala."

Alikuwa amelala kweli, shavu limelala katikati ya mabega yangu, mate yananilowanisha blauzi. Tangu mama yake afe hakuwahi kulala mgongoni kwangu. Kwenye ile fremu alikuwa anashika chuma kwa mikono miwili njia nzima, na mimi nilidhani ndivyo alivyo, mtoto wa kukesha. Kumbe alikuwa anaogopa.

Mama wa nyanya alinitilia nyanya kwenye mfuko, hakutaka kitu. Hao ndio watu ninaowakumbuka nikitaka kumtukana kila binadamu.

Tangu hapo hatujakosa mazoezi. Nikienda nabeba na mzigo wangu wa karoti, nauza, narudi. Hivi karibuni mtoto ameshika ubao wa kitanda, akasimama mwenyewe, akaniangalia kama amefanya kosa.

Wiki ileile mwenye lori alinikuta njiani, yuko kwenye pikapu yake, mvua imeanza. Akasimama. Akateremsha kioo.

"Mama, shikamoo. Naona umebadilisha begi. Lile langu lilikuwa na tatizo gani?"

"Lilikuwa na gundi."

"Gundi?" Akafikiri. "Aa, pengine waliligundisha nyumbani. Lilikuwa la mwanangu, lilikaa stoo. Mimi nilitoa kwa moyo safi."

"Mjukuu wangu aliangukia huo moyo wako."

Kisha akafungua mlango wa upande wa pili. "Panda, nikusogeze. Na madereva nitawaambia wakupakie siku zote za hospitali, bure kabisa. Ila mama yangu, yale maneno ya sokoni tuyaache. Tulishayamaliza na mjomba wake."

Sitadanganya, niliutazama ule mlango. Kiti kikavu, nyonga inaniwaka, mtoto amelowa kofia. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshasogea. Ningepanda, mtoto angefika kwenye mazoezi kila mara bila kulowa, na mimi ningefia kitandani kwangu nikiwa na mgongo mzima. Lakini ningepanda, basi binti yangu ameuawa na mtu aliyekwisha kufa, na dereva, ambaye alisema, ambaye alisema wazi, anabaki kuwa ndiye mwuaji. Na mtoto huyu akikua akiniuliza mama yake alikufaje, nitamjibu nini kutoka kwenye kiti kile?

"Funga mlango, mvua inaingia," nikamwambia.

Jioni yake mwanangu akaja amefura. "Mama, umemkatalia lifti? Unamtesa mtoto kwa kiburi chako."

"Mtoto huyo hapo. Mbebe wewe mpaka hospitali, wewe si ndiye mwenye kauli?"

Hakumbeba. Aliondoka.

Sasa nasema kwa maandishi, maana kwa mdomo wanasema niligongwa kichwa. Mwenyekiti, uliyetoa uwanja wako kwa kile kikao, kiitishe kingine. Wewe mwanangu, njoo useme ulipokea kwa ajili ya nani. Na wewe mwenye lori, sitaki boksi, sitaki lifti. Nataka usimame mbele ya mke wa yule dereva na watoto wake useme mume wake alikwambia nini asubuhi ile kuhusu breki, na wewe ukamjibu nini. Mjukuu wangu anazidi kuwa mzito kila mwezi, mguu wake bado haujamaliza, na mgongo niliobaki nao ni huu, juu ya nyonga uliyonivunjia. Ukikataa, malori yakaendelea kunipita, atafika kwenye mazoezi kwa mgongo wa nani? Jibu.